Tabaka kwa Tabaka: Anna-Eva Bergman na Karatasi za Dhahabu

Karatasi ya dhahabu haishikwi kwa vidole. Imefuliwa kwa nyundo mpaka unene wake ukabaki kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na ukiigusa tu inapasuka, inaganda kwenye ngozi, wala haitoki tena ikiwa nzima. Huuzwa katika vijitabu vya karatasi 25, kila moja mraba wa sentimita nane hivi, na kati ya moja na nyingine huwekwa karatasi ya kawaida ili zisishikane. Anayefanya nayo kazi hufunga madirisha, huzima feni, na hujizoeza kupumulia pembeni. Pumzi moja isiyotarajiwa yatosha kuikunjamanisha.

Mchoraji Anna-Eva Bergman wa Norway alizishika karatasi hizi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hakuziacha mpaka alipofariki mwaka 1987. Alitumia dhahabu na fedha, lakini pia aluminiamu, shaba na bati. Madini ya makanisa na madini ya sufuria katika kazi moja. Leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa uchoraji dhahania wa nchi yake, yaani uchoraji ulioacha kunakili sura na mandhari kama jicho linavyoyaona. Vitabu vinapoeleza uchoraji huo wa baada ya Vita Kuu ya Pili, mara nyingi husifu kasi: mkono unaorusha rangi, brashi inayopita mara moja na kwisha. Bergman alifika huko kwa mwendo wa fundi anayengoja gundi ikauke. Nataka kuufuata mwendo huo hatua kwa hatua, kwa sababu naamini ukuu wake umo zaidi katika yale aliyoyafunika kuliko katika yale yanayong'aa juu.

Kabla ya dhahabu kulikuwa na mstari. Alizaliwa Stockholm tarehe 29 Mei 1909, baba Mswidi, mama Mnorway. Wazazi walitengana yeye akiwa mchanga, mama akarudi naye Norway, na huko ndiko alikokulia. Alisoma Oslo, kwanza shule ya ufundi na sanaa, kisha chuo cha sanaa chini ya mchoraji Axel Revold. Mwaka 1928 alikwenda Vienna, na mwaka uliofuata akafika Paris katika darasa la mchoraji André Lhote. Paris ndipo alipokutana na Hans Hartung, kijana Mjerumani aliyekuwa amekwisha kuanza kuchora bila kuonyesha sura ya kitu chochote. Walioana mwaka huohuo wa 1929, Bergman akiwa na umri wa miaka 20.

Miaka hiyo yeye mwenyewe hakuwa mchoraji dhahania hata kidogo. Alichora vibonzo na picha za vitabu na magazeti: watu wa mtaani, wapiga domo, wanasiasa wenye vitambi, na baadaye Wanazi aliowakejeli kwa kalamu. Waandishi wengi huipita sehemu hii ya maisha yake haraka, kana kwamba ni muda uliopotea. Mimi siioni hivyo. Kibonzo kina sheria kali. Wino haufutiki. Mstari ukitoka kwenye kalamu umetoka, na mstari mmoja lazima ubebe mambo matatu: ukingo wa bega, uzito wa mwili, na tabia ya mtu. Mchora vibonzo mzuri hufikiri muda mrefu, akachora muda mfupi, na anajua ni mistari mingapi anaweza kuiondoa kabla sura haijapotea. Bergman aliifanya kazi hiyo kwa miaka 15 hivi. Alipokuja baadaye kuchora mlima kwa mzingo mmoja tu wa nje, usio na kivuli wala jani la mti, mkono ulikuwa umeshajua kuchagua.

Baada ya mstari, kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 yeye na Hartung walihamia kisiwa cha Menorca, Hispania, wakajijengea nyumba nyeupe karibu na kijiji cha Fornells, kuta tupu na pembe zilizonyooka, kwa ramani waliyoichora wenyewe. Hawakukaa sana. Fedha ziliisha, na wenye mamlaka wakaanza kuwashuku kuwa ni wapelelezi, wakaondoka mwaka 1934. Mwaka 1937 Bergman, ambaye afya yake ilikuwa ya kuugua mara kwa mara, alimwacha Hartung, wakapeana talaka mwaka uliofuata. Alikaa Italia kwa muda, kisha mwaka 1939 akarudi Norway, na vita ikamkuta huko. Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake kuhusu maisha ya Mediterania, maneno yake na michoro yake. Mwaka 1944 aliolewa na Frithjof Lange.

Aliyebadili kazi yake ni baba mkwe. Christian Lange alikuwa msanifu majengo aliyezama katika hesabu za majengo ya kale, na Bergman aliketi naye kujifunza uwiano wa dhahabu. Jina lake linaweza kumtisha mtu, lakini kazi yake ni ya rula na penseli. Chukua ubao wenye kimo cha sentimita 100. Weka alama kwenye sentimita 61.8. Sehemu kubwa ya ubao sasa ina uhusiano na sehemu ndogo sawasawa na uhusiano ulio kati ya ubao mzima na sehemu kubwa. Gawanya tena sehemu kubwa kwa njia hiyohiyo, na tena, na tena, nawe unapata mistari ambayo kila mmoja unamwitikia mwenzake. Bergman alianza kuipanga michoro yake juu ya mistari hiyo. Upeo wa macho ulipangiwa kimo chake, na kilele cha mlima kikapangiwa umbali wake kutoka ukingoni. Mtazamaji haioni rula. Huona tu kwamba jiwe limekaa mahali pake na kwamba likisogezwa kidogo litaanguka.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani kuacha kuchora sura za vitu ni kuacha kazi ngumu. Kwa Bergman ilikuwa kinyume. Mtu anayechora mashua kama ilivyo huongozwa na mashua. Mtu anayebakiza mistari miwili tu ya mashua hana wa kumwongoza. Akikosea kwa upana wa kidole, hakuna tanga wala kamba za kulificha kosa.

Tena hakupenda kuacha kutazama. Katika kiangazi cha mwaka 1950 alisafiri kwa meli kaskazini kwenye pwani ya Norway, akapita visiwa vya Lofoten hadi Finnmark, mkoa ulio ng'ambo ya mstari wa Aktiki, ambako kiangazi jua halizami. Mwanga wa huko hutoka upande. Jua hutambaa karibu na bahari usiku kucha, na milima mikubwa ya mawe huonekana kama imepoteza uzito. Bergman aliandika katika daftari lake kwamba milima ilionekana kupitisha nuru, kana kwamba haina unene. Hebu fikiria tatizo alilojitwika mchoraji huyo: kuonyesha jiwe zito linalopitisha mwanga. Rangi ya kawaida haiwezi. Ukilichora jiwe kwa rangi ya kijivu, unapata uzito bila nuru. Ukiipunguza rangi kwa mafuta, unapata nuru bila jiwe.

Mwaka uliofuata alikaa Citadelløya, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Stavern, kusini. Miamba ya huko imesuguliwa na barafu ya kale kisha na bahari, mpaka ikawa na migongo laini iliyopasuliwa na nyufa. Aliichora kwa mfululizo. Hakuchora ufuo mzima wenye anga na maji, alichora jiwe moja, kisha jirani yake, kisha mpaka ulio kati yao. Ukiifuata michoro hiyo unauona mwamba ukigeuka polepole kuwa umbo, na umbo likijitenga na mwamba. Hapo ndipo maumbo ya maisha yake yote yalipochipuka. Na ni katika miaka hiyohiyo alipoingiza karatasi za madini.

Sasa tuingie karakanani.

Kazi inaanza na msingi, na msingi ndio unaokula muda. Fundi wa jadi wa kubandika dhahabu huchanganya chaki iliyosagwa na gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi ya sungura, akaupaka ubao tabaka jembamba, akangoja likauke, akapaka jingine kwa kupishanisha mwelekeo wa brashi, na kuendelea hivyo mara nyingi. Kisha msasa, mpaka ubao uwe laini kama ganda la yai. Kila kasoro iliyobaki chini itaonekana juu, maana karatasi nyembamba kiasi hicho haifichi kitu. Chembe moja ya vumbi husimama kama kichuguu. Baada ya chaki hupakwa udongo mwekundu laini, kwa sababu dhahabu juu ya nyeupe huonekana baridi, bali juu ya wekundu hupata damu.

Bergman aliijua kanuni hiyo, na ufundi wake ulianzia pale alipoamua lini aifuate na lini asiifuate. Pale alipotaka uwanda mtulivu, msingi aliulainisha. Pale alipotaka jiwe, aliujaza uso wa turubai kwa rojo zito, akaliacha na matuta, mifereji na alama za kisu, likauke hivyohivyo. Karatasi ya madini ikibandikwa juu ya uso kama huo hulala kwenye kila tuta na kuzama katika kila mfereji. Matokeo yake ni fedha yenye ngozi ya mwamba. Miaka ilivyosonga ndivyo rojo hilo lilivyozidi kuwa sehemu ya mchoro wenyewe, na si kitanda chake tu. Rangi nazo zilibadilika: mwanzoni alitumia sana tempera, rangi ya unga iliyoshikanishwa kwa kiini cha yai, pamoja na rangi ya mafuta, baadaye akahamia rangi za vinili na akriliki zinazokauka upesi, zikamruhusu kuweka tabaka nyingi zaidi bila kungoja wiki nzima.

Juu ya msingi hupita gundi. Ile ya mafuta hutengenezwa kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, na ina saa yake. Ikiwa bado mbichi, dhahabu inazama na kufifia. Ikikauka mno, dhahabu haishiki. Kati ya hali hizo mbili upo muda ambao uso umekauka lakini bado unavuta, na unaweza kufika baada ya saa tatu au baada ya saa kumi na mbili, kutegemea gundi, joto na unyevu wa siku hiyo. Mafundi huupima kwa kifundo cha kidole: wanakigusisha kidogo na kukiondoa. Kikitoa mlio mdogo mkavu, wakati umefika. Hakuna chombo kinachoipita njia hiyo, na haifundishiki kwa maneno.

Ndipo kijitabu kinafunguliwa. Karatasi inaangushwa juu ya mto mdogo wa ngozi wenye ukuta wa kuzuia upepo, inanyooshwa kwa pumzi fupi iliyolengwa katikati, inakatwa kwa kisu kirefu kisicho kikali mno, maana kikali kingekata ngozi. Kuiinua kuna brashi bapa ya nywele za kindi. Fundi huipitisha shavuni mwake mara moja ili ipate mafuta kidogo ya ngozi, kisha huigusisha kwenye ukingo wa karatasi, nayo inanyanyuka. Inapokaribia uso wenye gundi, inaruka yenyewe sentimita ya mwisho na kujibandika. Haitolewi tena. Mahali ilipoangukia ndipo itakapokaa.

Eneo la mita moja ya mraba linahitaji karatasi 156 za ukubwa huo, kabla ya kuhesabu zinazopandana kingo na zinazoharibika. Bergman alichora turubai zinazomzidi mtu kimo. Tuziache hesabu, kinachonivutia ni jinsi alivyozichukulia kingo. Fundi wa fremu hujitahidi kuficha miungo ili dhahabu ionekane kama kipande kimoja. Bergman mara nyingi aliiacha. Ukisogea karibu na mlima wake wa fedha unaona miraba, mstari hafifu pale karatasi mbili zilipopandana, na penye pengo unaona kilicho chini: bluu, nyeusi, au ule wekundu wa msingi. Ukirudi nyuma miraba inayeyuka, na mlima unabaki na mpigo fulani ndani yake. Hiyo ni alama ya mkono, lakini si mkono unaojionyesha. Ni mkono unaohesabu.

Hatua inayofuata ingemliza fundi wa fremu. Baada ya kazi yote hiyo Bergman alichukua kifaa chenye ncha na kuikwangua. Mara nyingine mikwaruzo mirefu sambamba, mara nyingine mikato midogo, mara nyingine kufuta eneo zima mpaka madini yakabaki kama utando uliochakaa. Kukwangua nako kuna kipimo chake. Ukibonyeza kwa wepesi unaichana dhahabu pekee na kuifikia rangi ya chini yake. Ukibonyeza zaidi unafika kwenye chaki, na chaki nyeupe ikitokea mahali pasipotakiwa inakuwa kidonda. Kwa hiyo alipaswa kukumbuka, katika kila sehemu ya turubai, ni tabaka gani lililala chini na lilikuwa na unene gani. Aliyejenga mwenyewe ndiye anayeweza kubomoa kwa kiasi.

Kisha zinarudi rangi, safari hii juu ya madini, nyembamba na zenye kupitisha nuru. Hapa ndipo lile tatizo la Finnmark linapopata jibu. Mwanga unaingia katika rangi, unaivuka, unagonga fedha iliyo chini, na kurudi kwa mtazamaji ukiwa umeivuka rangi mara ya pili. Jiwe limekuwa zito, kwa sababu lina matuta na nyufa, na wakati huohuo linatoa nuru kutoka ndani. Nchi yake ilikuwa na mfano wa kale wa ujuzi huu. Yapo mabao ya mbele ya madhabahu, zaidi ya 30, yaliyosalia kutoka makanisa ya Norway ya karne ya 13 na ya 14. Mafundi wake, ambao dhahabu halisi iliwapita uwezo, walibandika karatasi za fedha na kuzipaka vanishi ya manjano mpaka zikang'aa kama dhahabu. Wale walitaka fedha ionekane kuwa kitu kingine. Bergman aliiacha fedha iwe fedha, aluminiamu iwe aluminiamu, akatumia tofauti zao: fedha ina joto kidogo na hubadilika rangi isipokingwa kwa vanishi, aluminiamu ni baridi na haibadiliki, shaba huvuta jicho karibu, bati ni zito na lina utusitusi.

Mwisho hupewa namba. Bergman hakuipa michoro yake majina marefu. Aliandika namba ya kazi, mwaka, na mara nyingi neno moja au mawili: Jiwe, Mlima, Moto, Sayari, Mti, Kaburi, Upeo, Chombo, Omo. Ile ya Moto, kwa mfano, ni namba 26 ya mwaka 1962. Orodha ya maneno hayo haikurefuka sana katika maisha yake. Aliyarudia kwa miaka, kama fundi anayetengeneza aina chache za vyombo na kila mara akigundua kitu katika mdomo wa mtungi. Omo la chombo huja mara likiwa jeusi juu ya dhahabu, mara likiwa la fedha juu ya bluu, mara limekatwa na ukingo wa turubai kana kwamba chombo kinaingia chumbani. Yeye mwenyewe hakulipenda sana jina la sanaa dhahania. Aliona kwamba alikuwa anatoa kitu kutoka katika maumbile, anakipunguza, anakibakiza kiini chake, na mambo hayo ni tofauti na kuyapa maumbile kisogo.

Mwaka 1952 alirudi Paris. Katika maonyesho ya kumbukumbu ya mchongaji Julio González alikutana tena na Hartung, ambaye vita ilikuwa imemnyang'anya mguu, na ambaye wakati huo alikuwa amemwoa Roberta, binti wa González. Walirudiana, na mwaka 1957 wakaoana mara ya pili. Tangu hapo watu wengi walimtaja Bergman kama mke wa Hartung, na jina kubwa la mume lilimfunika kwa miaka mingi. Ni dhuluma ambayo hata leo haijafutika yote. Watu walipenda pia kuwagawa: yeye wa polepole, mume wa kasi kama radi. Ukweli ni mzuri zaidi ya hapo. Hartung naye, kwa miaka mingi, ile mistari yake iliyoonekana kuruka kutoka mkononi aliikuza kutoka katika michoro midogo kwa kuipigia miraba na kuipima. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya rula mbili.

Mwaka 1964 walipanda meli pamoja kwenda kaskazini mpaka rasi ya Nordkapp, wakapiga mamia ya picha za fjodi, barafu na miamba. Bergman hakuzinakili. Alizitumia kukumbushia jicho, kisha akafunga albamu na kurudi kwenye kipimo chake. Mwaka 1969 aliiwakilisha Norway katika maonyesho ya São Paulo, Brazili. Mwaka 1973 walihamia Antibes, kusini mwa Ufaransa, katika nyumba waliyoijenga katikati ya mizeituni ya kale, kila mmoja na karakana yake. Nyumba ni nyeupe na ya pembe, na anayeijua habari ya Menorca anaitambua mara moja.

Huko Antibes ndipo alipopunguza hata kilichokuwa kimebaki. Rangi zikawa mbili tatu, nyeusi, nyeupe, na madini. Mawimbi yakawa mikunjo michache ya rojo iliyofunikwa kwa fedha. Mvua ikawa mistari. Michoro hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko yote, ingawa najua wengi huipenda ile milima mikubwa ya miaka ya 1960. Katika milima bado unaweza kuvutiwa na ng'ao. Katika mawimbi ya mwisho ng'ao ni kidogo, na unalazimika kuangalia jinsi utepe mmoja wa madini ulivyolazwa: ulipoanzia, ulivyopungua, mahali ulipokatishwa kabla haujafika ukingoni. Alifariki katika mji wa Grasse tarehe 24 Julai 1987, akiwa na miaka 78. Hartung alimfuata mwaka 1989, na mwaka 1994 nyumba na karakana zikawa chini ya wakfu wenye majina yao wote wawili. Jumba la Sanaa ya Kisasa la Jiji la Paris, lililokuwa limemfanyia maonyesho mwaka 1977, lilimfanyia makubwa zaidi mwaka 2023.

Picha za kitabuni zinamdhulumu kuliko mchoraji yeyote ninayemjua. Kamera husimama mahali pamoja na hupata hali moja tu ya madini: ama yawe meupe kabisa, ama yawe kijivu kilichokufa. Mwenye kutaka kumwelewa hana budi kwenda penye michoro, Oslo au Antibes au popote ilipotundikwa, na aende mchana kama upo mwanga wa dirisha. Aanzie upande wa kushoto kabisa wa mchoro na kutembea polepole kwenda kulia. Mlima uliokuwa mweusi juu ya uwanda wa fedha utageuka njiani, uwanda utakuwa mweusi na mlima utawaka. Arudi alikotoka, mambo yatajipindua tena. Kisha asogee kadiri anavyoruhusiwa, aitafute miungo ya karatasi, na atazame hasa pale palipokwanguliwa, maana hapo tabaka zote zinaonekana kwa pamoja: madini, rangi, wekundu, chaki, na nyuzi za turubai.